Nusu Saa ya Bibi

Bibi yangu hana friji. Insulini yake, dawa ya kisukari, inakaa mtungini: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, juu kitambaa kibichi. Kila asubuhi hutoa kichupa, akakiinua kuelekea dirishani na kukitazama kabla ya kufanya lolote. Kikisimama usiku kucha hujigawa chenyewe: chini unga mweupe uliotuama kama wanga wa muhogo chini ya bakuli, juu maji angavu. Kisha hukiviringisha taratibu kati ya viganja, mbele na nyuma, mpaka chote kiwe cheupe. Hakitikisi. Anavuta dawa kwenye bomba la sindano, anachoma tumboni, anarudisha kichupa mtungini, halafu anaketi kwenye mkeka na kuitazama saa ya ukutani. Dakika 30. Uji uko pembeni, umefunikwa.

Siku moja likizoni nilikaa naye katika kungoja huko, naye akanigeukia: "Wewe si mwalimu wa kemia? Hebu nieleze. Dawa imeshaingia mwilini. Sasa inangoja nini?"

Swali hilo alikuwa ameshaliuliza kliniki anakohudhuria, tena si mara moja. Jibu alilopewa ni kwamba ndivyo ilivyo, bibi, usile kabla ya nusu saa. Na mimi siku ile nikamjibu vivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi: inachukua muda kufika kwenye damu. Akanyamaza, kwa heshima tu. Niliona wazi kwamba hakuridhika, na alikuwa na haki. Kwenda kwenye damu kuna umbali gani? Mishipa iko palepale chini ya ngozi.

Nimetumia muda mwingi tangu siku hiyo kulitafutia swali lake jibu linalostahili. Jibu lenyewe ni metali. Ndani ya kile kichupa kuna zinki, zinki ileile inayopakwa kwenye mabati ya paa ili yasishike kutu, na nusu saa ya bibi ni muda ambao insulini inautumia kuachana nayo.

Nianze na kitu ambacho kila mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeingia maabara amekiona kwa macho yake. Unachukua mmumunyo wa chumvi ya zinki, unadondoshea amonia. Kwanza linatokea tope jeupe zito. Unaongeza amonia, tone kwa tone, na ghafla tope linayeyuka, mmumunyo unarudi kuwa angavu kama maji ya kunywa. Wanafunzi wangu huandika "tope jeupe, linayeyuka amonia inapozidi", wanapata alama zao, wanaendelea na swali linalofuata. Lakini pale kwenye kuyeyuka kuna jambo kubwa. Ioni ya zinki imepoteza elektroni 2, ina nafasi tupu, na naitrojeni ya amonia ina jozi ya elektroni isiyo na kazi. Naitrojeni inaielekezea zinki jozi ile. Zinajipanga amonia 4 kuizunguka zinki moja, na zinki inakubali kubaki kwenye maji.

Sasa uichukue naitrojeni hiyohiyo, uiondoe kwenye amonia, uiweke kwenye homoni.

Insulini ni homoni ya peptidi, maana yake ni mnyororo wa asidi amino, vijenzi vya protini, zilizoshikana moja baada ya nyingine. Kwa usahihi ni minyororo 2: A yenye asidi amino 21 na B yenye 30, jumla 51. Mpangilio huo ulifumbuliwa na Frederick Sanger kule Cambridge, akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1958. Ukihesabu mnyororo B kutoka mwanzo, namba 10 ni asidi amino inayoitwa histidini. Histidini ina kipete cha atomi 5 kinachochomoza pembeni kama kiganja, na katika zile 5, atomi 2 ni naitrojeni. Moja kati ya hizo ina jozi ya elektroni iliyo wazi.

Histidini moja peke yake haitoshi kuishika zinki kwa nguvu. Lakini insulini zina tabia ya kukaa pacha: mbili zinagusana uso kwa uso na kushikamana. Pacha 3 zikikutana zinajipanga duara, na katikati ya duara histidini 3, moja kutoka kila pacha, zinaelekeana kwenye sehemu moja. Yeyote aliyekulia jikoni kwa kuni anaijua picha hii. Ni mafiga. Mawe 3 yameelekeana, na juu yake kimekaa chungu, nacho chungu ni ioni ya zinki. Kila pacha ina histidini 2 za namba 10, moja inaelekea juu na nyingine chini, kwa hiyo seti za mafiga zinakuwa mbili, ya juu na ya chini, na zinki zinakuwa 2. Insulini 6 kwa zinki 2. Upande wa zinki uliobaki wazi hukaliwa na maji au kloridi.

Figa moja haliinjiki chungu, mafiga mawili hayainjiki chungu. Hii ni sababu mojawapo inayonifanya nipende kemia kuliko masomo mengine yote niliyosoma: idadi inaamua kila kitu.

Watu walichukua muda mrefu kulijua hili. Insulini ilichomwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza Januari 1922, Toronto, kwa kijana aliyeitwa Leonard Thompson, nayo ilikuwa maji machafu ya kongosho la mnyama, ikabidi isafishwe ndipo imfae. Mwaka 1926 John Jacob Abel wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, akafanikiwa kuipata katika hali ya fuwele, chembe zenye kona kali zinazometameta kama chumvi ya mawe. Wengine waliporudia, mara fuwele zilitokea, mara hazikutokea. Mwaka 1934 D. A. Scott, aliyekuwa akifanya kazi Toronto, akaonyesha kilichokuwa kinakosekana: insulini inafanya fuwele ikiwa na zinki. Kadmi, kobalti na nikeli nazo zilifaa. Zikikosekana zote, hakuna fuwele.

Mwaka huohuo, Oxford, mwanamke wa miaka 24 alipewa chembe ndogo za insulini ya fuwele azitazame kwa eksirei. Dorothy Crowfoot, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Dorothy Hodgkin, alizaliwa Cairo mwaka 1910, baba yake akifanya kazi katika serikali ya wakoloni kule Misri na Sudan. Alipiga picha ya kwanza ya mionzi iliyopita katika fuwele hizo, akaona madoa yaliyojipanga kwa utaratibu, akajua kwamba ndani kuna umbo linaloweza kusomwa. Hakulisoma mwaka huo, wala muongo huo. Alifumbua umbo la penisilini, akafumbua umbo la vitamini B12, na mwaka 1964 habari za Tuzo ya Nobel zilimkuta Ghana, mumewe alikokuwa akifanya kazi. Mikono yake ilikuwa imepindishwa na baridi yabisi tangu ujanani. Insulini ilikuwa bado. Mwaka 1969, yeye na kundi lake wakalitoa umbo lote: pacha 3 duara, zinki 2 katikati, kila moja juu ya mafiga yake ya histidini. Tangu alipopewa chembe zile ilikuwa imepita miaka 35.

Nimekaa na miaka hiyo 35 kichwani. Mwanafunzi akiniambia kwamba mada ya mabondi, namna atomi zinavyoshikana, ni ngumu, namsimulia habari za mikono ile.

Scott na Hodgkin waliikuta zinki kwenye chupa za maabara. Mwili ulikuwa ukiitumia zamani zote hizo. Seli za beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, ni miongoni mwa sehemu zenye zinki nyingi zaidi mwilini. Kuna rangi ya maabara iitwayo ditizoni inayogeuka nyekundu ikiikuta zinki. Ukiimwagia kwenye tishu ya kongosho, vile visiwa vidogo vyenye seli za beta vinawaka wekundu na kila kitu kingine kinabaki kilivyo. Wanaopandikiza visiwa hivyo kwa wagonjwa huvitambua kwa njia hiyo.

Kazi ya zinki pale ni ghala. Seli ya beta inatakiwa kuweka akiba kubwa ya homoni katika vifuko vidogo kupita kiasi, iwe tayari kumwagwa mara tu sukari inapopanda baada ya kula. Insulini ikiachwa mojamoja ingetapakaa na kuharibika. Zikishikwa sitasita na zinki, na sitasita zikapangana juu ya zingine, zinakuwa fuwele ndani ya kifuko. Kwa darubini ya elektroni kifuko kinaonekana kina kokwa jeusi katikati na uwazi mweupe kulizunguka. Ndani ya kifuko kuna uchachu, pH (kipimo cha uchachu, kikishuka uchachu unazidi) karibu 5.5. Kifuko kikifunguka nje ya seli, fuwele inakutana na pH 7.4 na maji mengi ya damu, zinki inapeperuka, na insulini zinaachana moja moja ndani ya muda mfupi sana.

Zinki haifiki humo kwa bahati. Kuna protini maalumu kwenye utando wa kifuko, ZnT8, ambayo kazi yake ni kuiingiza. Katika kisukari cha aina ya 1, kinga ya mwili mara nyingi huishambulia protini hiyohiyo, na kingamwili zake hupimwa kwenye damu ili kumtambua mgonjwa. Halafu mwaka 2014 kulitokea jambo lililonifanya nisome mara mbili: watu waliozaliwa na nakala moja ya jeni la ZnT8 isiyofanya kazi waligundulika kuwa na hatari ndogo zaidi ya kupata kisukari cha aina ya 2. Mtu angetegemea kinyume chake. Mlango wa ghala umeharibika, na mwenye ghala anapona. Nalitaja tu, kwa sababu linaonyesha kwamba zinki na insulini hazijamaliza kutuambia habari zao.

Sasa nirudi kwenye kichupa cha bibi. Anatumia mchanganyiko wa 30/70. Yale maji angavu yanayobaki juu asubuhi ndiyo sehemu ya haraka, asilimia 30. Ule unga uliotuama ni sehemu ya taratibu, asilimia 70. Zinki imo katika zote mbili, ila imefanyiwa kazi tofauti.

Ni kiasi gani? Hesabu hii nimeifanya ubaoni na wanafunzi, wakaipenda. Mililita moja ina yuniti 100, ambazo ni karibu miligramu 3.5 za insulini. Uzito wa moli ya insulini ni takriban gramu 5,808, wa zinki gramu 65.4, na tunajua kila insulini 6 zinahitaji zinki 2. Ukizidisha na kugawanya unapata mikrogramu 13 hivi za zinki kwa mililita. Kichupa kizima cha mililita 10 kinahitaji karibu miligramu 0.13. Punje moja ya mchele ina uzito mara mia na zaidi ya hapo. Hicho ndicho kinachoshikilia kichupa kizima.

Zinki ina msaidizi. Kama umewahi kudondosha tone la insulini mkononi unaijua ile harufu kali ya hospitali. Ni metakresoli, na katika baadhi ya vichupa ni fenoli, vitu vinavyowekwa kuzuia vijidudu kwa sababu kichupa kinatobolewa sindano kila siku. Vitu hivyo vikiingia katika mianya ya lile kundi la insulini 6, vinalibana na kuligeuza umbo, linazidi kuwa gumu kuachana. Dawa ya kuua vijidudu imekuwa gundi! Bibi anaichukia harufu ile. Nilipomweleza kazi yake, aliinusa tena, safari hii kwa makini.

Unapochoma, basi, unaweka chini ya ngozi kidimbwi kidogo cha insulini zilizofungwa sitasita. Ndani ya kichupa insulini imekolea mara milioni kadhaa kuliko inavyokuwa kwenye damu ya mtu aliyelala njaa. Kundi la 6 ni kubwa, linapenya kwa shida kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Lazima livunjike kwanza. Metakresoli inatangulia kutoweka, inasambaa kwenye tishu. Maji ya mwili yanakizimua kidimbwi. Zinki inaachia mafiga. Sita zinakuwa pacha, pacha zinakuwa mojamoja, na hizo mojamoja ndizo zinazoingia kwenye damu na kuvifikia vipokezi vya seli. Kipokezi hakiijui insulini ya kundi. Kinaijua moja, peke yake, bila metali.

Uvunjikaji huo ndio unaochukua ile nusu saa mpaka dawa ianze kufanya kazi, na kilele chake kinakuja baadaye, kati ya saa 2 na 4 baada ya kuchoma. Ukila mara tu baada ya kuchoma, sukari ya uji inafika kwenye damu wakati insulini bado imeshikana na zinki. Ukichelewa kula kupita kiasi, insulini imeachana na haina sukari ya kushughulika nayo, na sukari inashuka kwa hatari. Dakika 30 alizoambiwa bibi hazikubuniwa na mtu ofisini.

Ule unga mweupe nao? Mwaka 1936 Hans Christian Hagedorn na wenzake, Denmark, walitangaza kwamba insulini ikichanganywa na protamini, protini ndogo iliyotolewa kwenye mbegu za samaki dume, haiyeyuki upesi chini ya ngozi. Mwaka huohuo Scott yuleyule na mwenzake Fisher wakaongeza zinki kwenye mchanganyiko huo, ukadumu zaidi. Mwaka 1946 ikapatikana ile inayoitwa NPH, ambamo insulini, protamini na zinki kidogo vimefanya fuwele pamoja. Kwa hiyo bibi anapoviringisha kichupa anasambaza fuwele, kwa uangalifu, ili kila sindano ipate kiasi kilekile. Hajawahi kusoma kuhusu fuwele. Lakini anajua kwamba ikitoka maji tu au ikitoka unga tu, siku hiyo itaharibika.

Kuna mnyama mmoja ambaye habari zake zinaonyesha vizuri mpaka wa kazi ya zinki. Simbilisi, huyu anayefugwa jikoni na watoto wengi wa huku kwetu, ana insulini isiyo na histidini kwenye namba 10 ya mnyororo B. Mahali pake pana asidi amino nyingine, asparajini. Hiyo si tofauti pekee kati ya insulini yake na yetu, lakini histidini ile ikikosekana, mafiga hayapo. Insulini ya simbilisi haishiki zinki namna hii wala haifanyi kundi la 6. Na simbilisi anakula majani, anazaa, anaishi. Kwa hiyo insulini haihitaji zinki ili kufanya kazi yake. Inaihitaji ili kungoja. Kuna binadamu na wanyama wengi walioichagua njia ya ghala la fuwele, na kuna simbilisi aliyepita njia nyingine.

Wanasayansi walipoelewa haya, walianza kuuchezea ule mshikamano kwa makusudi. Insulini lispro, iliyoidhinishwa mwaka 1996, ni insulini ya binadamu iliyobadilishwa zamu mahali pamoja: prolini ya namba 28 na lisini ya namba 29 kwenye mnyororo B zimepeana nafasi. Hapo ndipo pacha zinapogusana. Ndani ya kichupa bado zinki na fenoli zinazishika sitasita, lakini zikifika chini ya ngozi zinaachana upesi, na mgonjwa anaweza kuchoma dakika chache tu kabla ya kula. Glajini, insulini nyingine iliyobadilishwa, imekwenda upande wa pili: ndani ya kichupa ni angavu na yenye uchachu, pH 4, na ina zinki zaidi; ikikutana na pH ya mwili inaganda chini ya ngozi na kuyeyuka polepole siku nzima. Ni kazi nzuri mno, nami natamani bibi angekuwa nazo. Bei yake iko juu kuliko ile ya mchanganyiko, na wagonjwa wengi wa huku wanaendelea na nusu saa yao.

Niseme na habari za mtungi, maana wapo wanaoudharau. Adui mkubwa wa insulini kwenye joto ni insulini iliyo peke yake. Moja ikitikisika kwenye joto, hasa pale maji yanapokutana na hewa au kioo, inaweza kufunguka umbo lake, ikanasa nyingine iliyofunguka, zikajipanga kuwa nyuzinyuzi ambazo hazirudi tena kuwa dawa. Zikiwa sitasita zimebanwa na zinki, sehemu zinazopenda kunasana zimefichwa ndani. Zinki ni mlinzi. Ndiyo maana anaambiwa asitikise, aviringishe. Na mtungi unaopoza kwa maji yanayovukizwa unampunguzia mlinzi huyo kazi.

Mwaka 2021 watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na wa Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo yaliyotokana na joto halisi la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako ndani ya nyumba nyuzi hupanda na kushuka kati ya 25 na 37. Insulini waliyoijaribu kwa kupanda na kushuka huko kwa wiki 4 ilibaki na nguvu sawa na ile iliyokaa kwenye friji. Kwa mtu asiye na friji, hiyo ni habari ya kumwondolea hofu.

Barafu ndiyo inayonitisha mimi. Ndugu yetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alimletea bibi kichupa kutoka mjini akiwa amekifukia katikati ya vipande vya barafu kwenye boksi. Kilifika kimeganda na kuyeyuka. Bibi alikiviringisha kama kawaida, akakiinua dirishani, akaniita. Kioo kwa ndani kilikuwa na ukungu kama wa theluji uliong'ang'ania ukutani, na ndani ya maji yalielea mabonge madogo yasiyovunjika. Fuwele za NPH zilikuwa zimeshikamana na kuharibika. Tulikitupa chote. Tangu siku hiyo nawaambia ndugu wote: baridi ndiyo, barafu hapana.

Insulini si homoni pekee inayosuhubiana na metali. Homoni ya ukuaji ya binadamu nayo hufanya pacha kwa kushikwa na zinki. Lakini inayonigusa zaidi ni oksitosini, homoni ndogo ya asidi amino 9 tu, iliyofungwa pete kwa daraja la salfa. Mkunga humchoma mama mara baada ya mtoto kutoka, ili mji wa mimba ujikaze na damu isimwagike. Oksitosini inaharibika kwa joto, inataka friji mpaka dakika ya mwisho, na kuna zahanati nyingi ambako umeme unakatika kila siku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, walionyesha kwamba zinki ikiwekwa pamoja na sitrati au aspartati kwenye mmumunyo, oksitosini inachelewa sana kuharibika. Ioni ileile, kazi ileile ya ulinzi, kwenye homoni nyingine kabisa. Na oksitosini ikifika kwenye kipokezi chake, inakuta metali nyingine: ioni ya magnesi inakaa katikati, imeshikwa na homoni upande mmoja na kipokezi upande wa pili. Insulini lazima iiache metali ndipo ifanye kazi. Oksitosini inaikuta metali mlangoni na kuingia nayo. Kwa upande wa dawa, mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza pia kabetosini inayostahimili joto, jamaa wa karibu wa oksitosini, baada ya majaribio yaliyohusisha wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo. Zinki imo kwenye mawazo yangu kila nikiona mkunga anafungua kiboksi cha baridi na kupapasa kama barafu bado ipo.

Likizo iliyofuata nilirudi kwa bibi. Nilimwamkia, nikaketi karibu naye kwenye mkeka, sindano ikiwa imeshachomwa. Sikumwambia neno histidini. Nilitoka uani nikaleta mawe 3, nikayapanga mbele yake, nikaweka kikombe juu.

"Kila jiwe ni insulini mbili zilizoshikana," nikasema. "Kikombe ni zinki. Maadamu kikombe kipo juu, mawe yanabaki pamoja, hayapiti mlangoni. Sasa ndani ya mwili wako kikombe kinaondolewa, na kila jiwe linagawanyika, na vipande vinapita kimoja kimoja."

Aliyatazama mawe kwa muda. Akanyoosha mkono, akaondoa kikombe mwenyewe, akalisogeza jiwe la kwanza pembeni, la pili, la tatu, polepole, huku akiangalia saa.

"Kikombe hicho nani anakiondoa?"

"Maji ya mwili wako, bibi. Yanazimua mpaka kinakosa pa kushikilia."

"Na mwenye homa? Mwili ukiwa wa moto, si kitaondoka upesi zaidi?"

Nikamwambia ndiyo: mwili ukipata joto, damu inapita kwa wingi chini ya ngozi na insulini inaingia haraka zaidi. Ndiyo maana hashauriwi kuoga maji ya moto mara tu baada ya kuchoma. Akasema kliniki hawakuwahi kumwambia hilo, na kwamba kumbe siku ile aliyotetemeka bafuni hadi akaketi chini alikuwa ametoka kuchoma sindano. Akataka nimkumbushe ilikuwa mwezi gani. Saa ilikuwa imefika. Akafunua uji, akakoroga, akanisogezea bakuli la pili.